Mlevi wa Njia ya Lerala

Gaborone,
Agosti, Jumapili jioni

Shangazi yangu Mosetsanagape,

Nakusalimu kwa mikono miwili kama ulivyotufundisha, na naanza na afya yako kabla ya shida zangu, usije ukasema mtoto wa kaka yako hana adabu. Kile kikohozi kimeondoka? Magoti yanaendeleaje kwa baridi hii? Na wale kuku, bado wanataga ndani ya kapu la nguo zako za kanisani? Natumaini barua hii inakukuta umeketi juani na chai yako ya maziwa mengi, na hakuna mtu anayekusumbua.

Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo sina hakika nayo. Upepo wa Agosti umetujaza vumbi mpaka ndani ya sukari, wanafunzi wangu wa upishi wananiletea maandazi yenye mchanga nionje, na mkuu wa shule ni yule yule. Otsile na mkewe ni wazima huko Jwaneng, nasikia tu kwa watu, maana kaka yangu haongei nami kwa sasa, na hilo nitalifikia.

Najua hutaki mambo mazito kwenye simu. Ulishasema simu ni ya kuulizana bei ya mtama. Basi naandika, na bahasha nitampa yule dereva wa basi la Rakops ambaye mpaka leo ukitajwa anasimama wima, kwa sababu ulimfundisha darasa la tatu. Naomba uisome peke yako, na mlango uwe umefungwa.

Shida yenyewe ni gari. Usicheke kwanza.

Unakumbuka kikao tulichokaa uani kwa Baba siku tulipomvua nguo za msiba wa Mama. Otsile alisema mzee hawezi kubaki peke yake Lerala, lazima ahamie kwake Jwaneng, chumba kipo, kina kapeti. Baba akaiweka kofia yake gotini akasema kila nguzo ya ua ule aliichimbia shimo mwenyewe, na kwamba hatakwenda kuishi kwenye nyumba ambayo mtu anaomba ruhusa kuwasha televisheni. Walikuwa wameshaanza kupandishiana sauti. Wewe ndiye uliyewanyamazisha wote. Ulisema mzee atabaki kwake, ila Boikhutso awe anakwenda kila baada ya wiki mbili, amwangalie, amfulie, amjazie kabati, na siku Boikhutso atakaposhindwa, Otsile aje na lori. Wote tukakubali. Otsile akaniuliza mbele za watu nitakwenda na nini, na punda?

Kwa hasira za swali hilo nikaenda kununua gari. Kama ningekwenda na mtu mwenye akili tulivu, labda ningenunua gari la mwalimu, dogo, la kimya. Nilikwenda peke yangu na kinyongo changu, kwenye yadi moja ya magari yaliyotumika huko Mogoditshane, nikachukua la turbo, rangi ya fedha, lililotoka Japani na vibandiko ambavyo hakuna aliyeweza kunisomea. Muuzaji aliniambia likipanda mlima halijui kama ni mlima. Otsile alipoliona alicheka mpaka akajishika kiuno. Turbo ya nini, akauliza, unga unawahi wapi?

Lakini lilitembea vizuri, Shangazi, nisiwe mwongo. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa natoka shuleni Ijumaa, na jua likizama niko kwa Baba napika uji. Jumamosi nafua, nafagia, tunakwenda makaburini kwa Mama. Jumapili nikiamka nakuta kioo cha mbele kimeshafutwa vumbi, na buti limeshajaa mofago, vyakula vya njiani: boga, chupa ya maziwa ya mgando, kuku wa kuchemsha, viwavi wa phane waliokaushwa kwenye mfuko wa sukari. Baba ananisindikiza mpaka langoni, anapiga paa la gari mara moja kwa kiganja, naondoka. Nikifika Gaborone anapiga simu, na swali lake la kwanza ni gari limetembeaje. Mimi nimetembeaje ni swali la pili, siku akilikumbuka.

Moshi ulianza mwezi wa tatu. Nilikuwa narudi, nimepita Mahalapye, nikaona kwenye kioo kama kuna mtu anafukiza nyuki nyuma yangu. Moshi wa buluu, mzito, unanuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Pale Dibete kwenye geti la mifugo, ofisa aliyekuwa akiuliza watu kama wamebeba nyama alilizunguka gari langu mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama nyama yangu naichomea ndani ya injini. Wenzake wakaacha kazi waje kuangalia. Niliikanyaga ile dawa ya kusafishia viatu, ya kuzuia ugonjwa wa mifugo, kwa nguvu mpaka ikawarukia suruali zao.

Ile wiki nilipopima oili nikakuta kijiti cha kupimia ni kikavu. Nikajaza. Baada ya wiki mbili, kikavu tena. Basi ikawa ndiyo maisha yangu. Buti lilijaa chupa za oili, mkoba wangu ukanuka oili, daftari za wanafunzi zikawa na alama za vidole vyangu vyeusi. Walimu wenzangu wakalibatiza gari jina, wakaliita Mlevi. Nikiingia getini asubuhi wananiuliza Mlevi ameamkaje leo, ameshakunywa au bado. Kuna mmoja, wa hesabu, alinishauri nilipeleke kanisani likashuhudie. Nilikuwa nacheka nao kwa meno tu.

Nilikwenda kwa fundi wa kwanza, Molefhi, ambaye ana gereji yenye kapeti ofisini, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Alisema turbo imekufa. Akanieleza kwamba ule mtambo mdogo unaoisukumia injini hewa unazunguka kwa kasi ya ajabu na unaishi kwa oili, na sili zake za kuzuia oili zikichoka, oili inavujia kwenye bomba la moshi. Nikalipa turbo nyingine, na ukitaka kujua bei yake angalia viatu ninavyovaa tangu hapo. Nikaenda Lerala kwa raha zangu. Kurudi, kabla sijaimaliza Palapye, nyuki wakawa wanafukizwa tena.

Nilirudi kwa Molefhi nikiwa na maneno yangu tayari. Yeye akawa na yake. Akasema turbo ni nzima, tatizo ni mimi, nazima injini kwa ghafla kama mtu anayefunga bomba la maji. Eti natakiwa nikifika nikae, injini iungurume taratibu mpaka turbo ipoe, ndipo nizime. Basi mimi, mwalimu mzima, nikawa nakaa ndani ya gari mbele ya geti la shule kila asubuhi, nimeshika usukani, naangalia mbele. Wanafunzi wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu anamsubiri mtu. Mkuu wa shule akaja kugonga kioo kuniuliza kama nyumbani kuna amani. Na oili ikaendelea kwenda.

Mwezi wa sita gari likazima njiani, hata Mahalapye sijafika, nikarudishwa na lori la kuvuta magari. Hiyo safari nikaikosa. Baba alisema si neno, ana mboga ya kutosha. Otsile hakusema si neno. Alinipigia jioni hiyo hiyo akataja neno moja tu, akasema moja, akakata simu. Ulimlea wewe, unajua alivyo. Si mtu mbaya, ni mtu anayependa jambo liishe. Nikajua akifika mbili lori linakuja kabla ya sikukuu ya uhuru, na mzee atapandishwa na kitanda chake.

Sikulala vizuri tena, Shangazi. Nikisikia gari lolote linakohoa barabarani moyo wangu unashuka. Nilikuwa naongea na lile gari. Nililibembeleza, nikalitukana, nikalitishia kuliuza kwa wauza kuku. Nilikuwa najiuliza inawezekanaje baba wa mtu aondolewe kwake kwa sababu ya oili.

Ndipo mwalimu wa michezo akanipeleka kwa Sethunya, fundi mwanamke kule Mogoditshane, mnene, mwenye redio inayopiga kelele kuliko injini. Huyo mama ana mdomo. Alipoona bomba langu la moshi alivua kofia kama tuko msibani. Siku ya kwanza naye alikosea. Alisema ringi za pistoni zimekwisha, injini lazima ifunguliwe yote, nimwachie mwezi mzima. Nikamwambia mwezi sina. Nilimweleza habari za Baba na Otsile na lori, nikajikuta nalia juu ya betri ya mtu. Akapunguza redio. Akasema sawa, atabadilisha sili, atasafisha mabomba yote, atajaza oili mpaka alama mwenyewe, niende Lerala nirudi, nisiguse kitu, na Jumatatu asubuhi nilete gari kwake kabla hata sijanawa uso.

Nilikwenda. Njia nzima ya kwenda, hata uzi wa moshi hakuna. Niliimba mpaka Palapye. Kurudi Jumapili, nimeondoka tu langoni kwa Baba, sijafika hata kwenye lami, nikaangalia kioo na nyuma hakuonekani.

Jumatatu Sethunya alipochomoa kijiti aliguna. Akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena, akaniita nije kuona. Oili ilikuwa imepita alama kwa mbali, tena nyeusi na nzito, siyo ile aliyoweka yeye. Alipoifungulia chini, beseni lake lilijaa akaenda kuleta jingine. Akaniambia, mama, wewe gari lako halinywi, linanyweshwa. Akanieleza kwamba oili ikizidi haina pa kurudi, inapanda mpaka kwenye turbo, inatokea kwenye moshi, na ikishazoea njia hiyo inaondoka hata ile ya halali, ndiyo maana katikati ya wiki nilikuwa nakuta kijiti kikavu. Akaniuliza ni nani mwingine anayefungua boneti yangu. Niliona ananitukana. Nikamwambia hakuna.

Njiani kwenda kazini ndipo lilinijia jina, na namwomba Mungu anisamehe, lilikuwa la Otsile. Nilijiambia nani mwingine anafaidika gari likifa? Na jirani MmaTselane si alisema rafiki yake Otsile yule wa kisima anapitapita kwa mzee wikiendi? Nikazipanga hizo habari mpaka zikakaa sawa. Nikampigia kaka yangu wakati wa mapumziko, chooni, nikamwambia maneno ambayo siwezi kukuandikia. Nilimwambia anamuua baba yake kwa chupa za oili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, Boikhutso, hivyo ndivyo unavyonifikiria? Nikasema ndiyo. Hajapokea simu yangu tangu siku ile.

Wikiendi iliyopita nikaenda tena Lerala, nimejiandaa kumkamata mtu. Jumapili niliamka kabla ya kuku, nikavaa sweta mbili na ile blanketi nyekundu ya Mama, nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Ningempiga mtu na ule mwiko, nilikuwa nimeshaamua wapi.

Kulipokucha vizuri aliyekuja ni Baba.

Alikuwa na koti lake refu la enzi za malori ya serikali. Alifuta kioo kwa kitambaa, polepole, anapitisha kiganja kila mahali alipofuta. Akafungua boneti bila kuhangaika, mikono inajua. Nilitabasamu, Shangazi, nikakumbuka kwamba tangu Otsile aliponunua gari lake la kwanza, hakuna gari la mtoto wake lililowahi kutoka ule ua bila yeye kulipima oili. Tulikuwa tunamcheka. Alikuwa anapima, anarudisha kijiti, anafunga, basi. Hakuwahi kuongeza tone mahali pasipohitaji, miaka yote ya kazi yake ya udereva hakuwahi kuua injini. Ndiyo maana sikumtaja kwa fundi. Ni kama angeniuliza nani mwingine anaingia jikoni kwangu, nikamtaja Mama.

Alichomoa kijiti akakipangusa, akakitumbukiza, akakichomoa tena. Akakiinua kwenye mwanga. Akakigeuza upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta tundu la sindano. Akakisogeza mpaka kikagusa pua. Kisha akapitisha kidole gumba juu yake, akatikisa kichwa, akaenda kwenye pikapu lake akachukua lile dumu la oili nzito, akaanza kumimina kwenye injini yangu huku ameinamisha sikio, anasikiliza.

Nilitoka na hasira zangu zote. Nilimkasirikia kwa moshi, kwa Dibete, kwa turbo mbili, kwa Otsile. Nikasimama karibu na tangi la maji, hatua chache kutoka kwake, na jua linanipiga usoni, na blanketi nyekundu ambayo unaweza kuiona kutoka mlimani. Nikafungua mdomo. Yeye akasikia mchanga, akainua kichwa akanitazama usoni moja kwa moja. Akavua kofia.

Akasema, karibu ndugu yangu, karibu sana. Akasema nimsamehe mikono ni michafu. Akaniomba niseme kwa sauti ya chini, kwa sababu binti yake amelala ndani, amechoka, na leo ana safari ndefu.

Nilirudi nyuma kwa vidole vya miguu, nikaingia jikoni, nikachukua sufuria nikaigongesha kwenye meza na kuanza kuimba kwa sauti, ili ajue niko ndani. Nilimsikia akimwambia yule mgeni asiyekuwepo kwamba tazama, ameshaamka, asubiri kidogo chai iko njiani. Kisha nikasikia akifunga boneti. Sijui alielewa nini pale. Alipoingia hakutaja mgeni, na mimi sikuuliza.

Tulikunywa chai. Nilimwekea sukari karibu na mkono wake na nikamwangalia akiitafuta. Mambo yote yakaanza kurudi, kwa nini meza haihamishwi, kwa nini siku hizi ananiita jina kabla sijaingia, akisikia gari, lakini nikija kwa miguu kutoka dukani ananyamaza mpaka niongee. Tangu lini, sijui. Amejificha mbele yangu mimi ninayekwenda kumwangalia. Ndiyo kazi uliyonipa, na sikuona kitu. Ninamkasirikia sana kwa hilo, na ninajikasirikia zaidi.

Alinipakilia buti langu. Nilimshukuru. Nilimshukuru na kwa kufuta kioo. Alipiga paa la gari na nikaondoka na moshi, na nina hakika aliunusa. Palapye nilimwomba mtu wa kituo cha mafuta anifungulie ile oili iliyozidi, nikakaa kwenye ukingo wa barabara mpaka alipomaliza.

Sasa sikia nilichofanya, maana hiki ndicho kilichonifanya niandike.

Unajua kila Jumatatu Baba anawapakia watoto wa MmaTselane na wa kule juu nyuma ya pikapu, anawapeleka shule. Akirudi anawapeleka wazee wenzake kliniki. Hakuna anayemlipa, ni heshima tu, na anaipenda mno. Kabla sijatoka ndani ile Jumapili, nikaona ufunguo wa pikapu unaning'inia kwenye msumari wake karibu na kalenda. Nikautia kifuani mwangu. Sikumwambia neno. Nilimkumbatia pale langoni na ufunguo wake uko katikati yetu.

Jumatano alinipigia. Hakuuliza gari limetembeaje. Aliuliza kama nimeona ufunguo wa pikapu. Nikasema hapana, Baba. Akasema labda umeanguka mahali. Nikasema labda. Ijumaa nikapigiwa na MmaTselane, ana wasiwasi, anasema mzee anatambaa uani kwa magoti toka asubuhi, anapapasa mchanga, ukimuuliza anasema anang'oa magugu. Agosti hii, Shangazi. Lerala nzima haina hata jani.

Jana akapiga tena, sauti imekuwa ndogo. Alisema ameacha kutafuta. Akasema ana ombi moja kwangu, hajawahi kuniomba kitu tangu nizaliwe, na ni kweli. Aliniomba nisimwambie Otsile kwamba amepoteza ufunguo, kwa sababu Otsile atasema ameanza kuzeeka na atamwondoa. Akasema, wewe ndiye unayenijua, mwanangu, wewe unaona bado niko sawa. Nikasema ndiyo, Baba, naona.

Siwezi kumwambia mimi. Mtoto hamwambii baba yake kwamba haoni, hata wewe ungenichapa. Otsile siwezi kumwambia, kwa sababu nimemtukana kwa kosa ambalo si lake, na kwa sababu akijua atakuwa amesema kweli tangu mwanzo, na lori litakuja. Labda ni ile ngozi inayoota kwenye jicho, daktari anaitoa na mtu anaona tena. Labda siyo. Hakuna atakayejua mpaka mtu amshike mkono ampeleke hospitali, na wewe ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumwambia kaka yake, nyamaza, panda gari. Njoo. Nitakuja kukuchukua Rakops mwenyewe, gari halitatoa moshi, safari hii hakuna atakayelifungua.

Utakuwa umeshahisi kwamba bahasha hii ni nzito. Usiitikise mbele ya watu. Ufunguo wa pikapu la Baba umo ndani, nimeuzungushia kipande cha kitambaa. Nimeshindwa kuurudisha msumarini na nimeshindwa kukaa nao ndani ya nyumba. Utamrudishia wewe, au hutamrudishia. Wewe utaamua, mimi sijui tena.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na yule mama wa kwaya aliyenipa mbegu za maboga. Wanafunzi wangu wanakusalimu ingawa hawakujui, maana nawatishia kwa jina lako. Pole kwa kukuletea mzigo huu wakati wa baridi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, akupendaye na kukuogopa,

Boikhutso